Pishori, baridi ya Julai na jeni moja: Kwa nini usiku wa Mwea unafika hadi kwa sahani yako

Jumapili mchana, uwe Umoja, Kondele au Kisauni, sufuria moja ya pishori ikifunikwa ploti nzima inajua. Harufu inapanda ngazi, inapita kwa korido, na jirani ambaye hujamwona wiki mbili anakumbuka ghafla kukujulia hali. Halafu Jumatatu unaingia dukani, unaangalia bei ya kilo moja, unaangalia M-Pesa, unachukua ule mchele mwingine.

Kuna sababu nyingi za bei hiyo: maji, mbolea, madalali, wachuuzi wanaochanganya pishori na mchele wa bei rahisi. Lakini kuna moja ambayo watu wa mjini hatuizungumzii kabisa. Sababu hiyo ni baridi. Ndiyo, baridi ile ile inayokufanya Julai utoe jaketi nzito na kulalamika kwamba Nairobi imegeuka friji. Mpunga nao unaisikia, na hauna jaketi.

Hapa ndipo sayansi ya vinasaba inaingia. Kama ulidhani jeni ni mambo ya kukariri kwa mtihani wa Biolojia na kusahau, shika kiti.

Mwea inapopigwa

Mwea iko Kirinyaga, kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, chini ya Mlima Kenya. Sehemu kubwa ya mpunga unaolimwa humu nchini hutoka huko, na aina inayopendwa zaidi ni Basmati 370, ambayo sisi tunaiita pishori. Si mbegu ya juzi. Ilitolewa mwaka 1933 huko Punjab, sehemu ambayo leo ni Pakistani, na hadi sasa iko kwenye majaruba yetu.

Ukisikia "tropiki" unafikiria jua. Lakini mashamba ya Mwea yako zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni, Julai na Agosti, usiku huko unaweza kushuka hadi nyuzijoto 15 hivi. Kwako hiyo ni hali ya kuvuta blanketi la pili. Kwa mpunga unaojiandaa kuchanua ni balaa.

Ndiyo maana msimu mkuu wa Mwea umepangwa jinsi ulivyo. Miche huatikwa kwenye vitalu katikati ya mwaka, ikahamishiwa majarubani karibu na Agosti, ili mpunga uchanue Oktoba na Novemba, baridi ikiwa imeshaenda zake. Mavuno yanaingia mwisho wa mwaka. Mkulima hakusoma hilo kwa kitabu cha vinasaba. Amefundishwa na hasara.

Sasa fikiria matokeo yake. Kama kila mtu anakimbia baridi ile ile, basi kila mtu anataka kupanda kwa wakati mmoja. Na kama kila mtu anapanda kwa wakati mmoja, kila mtu anataka maji ya mito ya Thiba na Nyamindi kwa wiki zile zile. Foleni ya maji inaanzia hapo. Anayefikiwa mwisho kwa zamu anachelewa, na ratiba yake yote inayumba. Kwa maneno mengine, baridi ya miezi mitatu inaamua jinsi mfereji unavyogawanywa mwaka mzima.

Tatizo liko ndani ya suke

Jambo la ajabu ni hili: mpunga uliopigwa na baridi ya Mwea haufi. Ukipita barabarani unauona umesimama, kijani kibichi, fiti kabisa. Mkulima mgeni anaweza hata kupiga picha na kuweka kwa status. Shida inajulikana wakati wa mavuno, masuke yanapokataa kuinama. Ukiminya punje unakuta hakuna kitu ndani. Wakulima wanaziita pepe, yaani ganda bila mchele.

Kimetokea nini? Mpunga hupitia hatua ambayo wakulima husema "umebeba mimba". Suke liko tayari lakini bado limejificha ndani ya shina. Ndani ya suke hilo, maua madogo yanatengeneza chavua, ile poda ya kiume inayorutubisha ua. Mpunga hujirutubisha wenyewe: ua lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Chavua ikikosekana, hakuna punje.

Wiki mbili hivi kabla ya suke kutokeza nje, chembe zinazokuja kuwa chavua hupita kipindi nyeti kuliko vyote. Kuna utando wa seli unaozizunguka na kuzilisha, kama mama anavyonyonyesha. Baridi ikiingia siku hizo, hasa usiku kadhaa mfululizo chini ya nyuzijoto 20, utando huo unavurugika, chakula hakifiki, na chavua inadumaa. Siku chache tu zinatosha. Miezi minne ya kazi inaamuliwa na juma moja ambalo mkulima haoni chochote kwa macho.

Wajapani walilijua hilo kwa uchungu

Kama kuna taifa linaloujua mchezo huu, ni Ujapani, hasa sehemu za kaskazini za Tohoku na Hokkaido. Mwaka 1993 kiangazi kilikataa kuja. Kulikuwa na mawingu, mvua na ubaridi wakati mpunga ulikuwa umebeba mimba. Mavuno ya taifa yakashuka hadi asilimia 74 ya kiwango cha kawaida. Nchi iliyojivunia kujilisha kwa mchele wake ikajikuta inaagiza mchele kutoka Thailand na kwingineko, na watu wakapanga foleni madukani.

Katikati ya hasara hiyo kulikuwa na funzo. Aina moja maarufu, Sasanishiki, ilianguka vibaya. Aina nyingine iliyokuwa imetolewa miaka miwili tu kabla, Hitomebore, ilistahimili zaidi. Mashamba yale yale, baridi ile ile, wakulima wale wale. Kilichotofautiana ni mbegu. Baada ya hapo wakulima wengi walihama, na Hitomebore ikapanda chati hadi leo. Jina lenyewe maana yake ni kumpenda mtu mara tu unapomwona. Wakulima wa Tohoku wana kila sababu ya kulipenda.

Sasa hebu tuingie ndani ya mbegu

Mpunga una jozi 12 za kromosomu, na maagizo yake yote ya DNA yameandikwa kwa herufi milioni 390 hivi. Herufi zenyewe ni nne tu: A, T, G na C. Mwaka 2005 wanasayansi wa mataifa kadhaa walichapisha maandishi hayo karibu yote. Tangu hapo, kazi imekuwa kutafuta: ni sentensi gani hapa inayoongea kuhusu baridi?

Kwanza elewa seli inajuaje kuna baridi. Haina pua wala ngozi. Ina utando unaoizunguka, uliotengenezwa kwa mafuta. Unajua yale mafuta ya kupikia ya mgando yanavyokuwa laini mchana na magumu asubuhi ya Julai? Utando wa seli nao hukakamaa hivyo hivyo. Protini zilizopachikwa kwenye utando huo zinahisi mabadiliko na kupiga kengele.

Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni moja waliyoipa jina la COLD1. Protini yake hukaa kwenye utando wa seli ya mpunga. Baridi ikija, inasaidia kufungua njia ili kalsiamu iingie ndani ya seli, na kalsiamu hiyo ndiyo ujumbe: "Jamani, kumeanza kuwa baridi, jipangeni." Jeni nyingine zinawashwa, kinga inaanza.

Lakini sikiliza hii. Mpunga wa jamii ya japonica, unaolimwa sana Ujapani na kaskazini mwa China, una toleo la COLD1 linalostahimili baridi. Mpunga wa jamii ya indika, unaolimwa sehemu za joto, mara nyingi una toleo dhaifu. Tofauti iliyobainishwa kati ya matoleo hayo ni herufi moja. Moja kati ya milioni 390! Ni kama uandike "pesa" badala ya "pasa" na maana yote igeuke.

COLD1 ilichunguzwa hasa kwa miche michanga. Kwa hatua ile ya kubeba mimba, kuna jeni nyingine, mojawapo ikiitwa Ctb1, iliyoko kwenye kromosomu ya 4. Hii Wajapani waliitoa wapi? Usidhani ni Siberia. Waliipata kwa mpunga wa kienyeji wa Indonesia unaoitwa Silewah. Nchi ya joto ikawapa watu wa baridi dawa ya baridi. Ndiyo sababu watafiti wa mbegu hukataza kudharau mbegu za nyanya. Huwezi kujua ni gunia lipi lililobeba jibu.

Na usitegemee jeni moja ifanye miujiza. Kustahimili baridi ni kazi ya jeni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo. Ni kama chama: hakuna mwanachama mmoja anayeweza kununua shamba, lakini wakichanga wote, hati inapatikana.

Binamu zake: ngano na mahindi

Mpunga ni mnyonge mbele ya baridi kwa sababu asili yake ni maeneo ya joto. Binamu yake ngano ni mtu mwingine kabisa. Kule Urusi, Kanada au kaskazini mwa Marekani, kuna ngano inayopandwa kabla ya majira ya baridi, ikalala chini ya theluji, ikaamka majira ya joto yanapoanza. Ikipata muda wa kuzoea ubaridi polepole, aina ngumu inaweza kuhimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri.

Siri yake ni mbili. Kuna kundi la jeni ziitwazo CBF, ambazo ni kama swichi kuu: zikiwashwa, seli inajaza sukari na protini zinazoizuia isipasuliwe na barafu. Halafu kuna jeni ya VRN1, ambayo ni mlinzi wa lango. Haiiruhusu ngano ichanue mpaka ihesabu wiki kadhaa za baridi. Mmea unakataa kutoa maua mapema usije ukadanganywa na jua la siku mbili. Ngano tunayolima Narok na Uasin Gishu ni ya aina nyingine, isiyosubiri majira ya baridi, kwa sababu hapa yakisubiriwa hayatafika.

Mahindi je? Hapa Kenya tuna hadithi yetu wenyewe. Mwaka 1964, huko Kitale, ilitolewa mbegu ya H611. Mzazi mmoja alikuwa mahindi ya Kitale. Mzazi wa pili, Ecuador 573, alitoka Ecuador, nchi ya milima ya Andes. Mavuno ya nyanda za juu yakabadilika. Ugali mwingi uliokula utotoni una ukoo wa Amerika Kusini, na pengine hukujua.

Huko Meksiko nako, mahindi ya milimani yalichukua vipande vya DNA kutoka kwa teosinte, nyasi ya mwituni iliyo jamaa yake na iliyozoea ubaridi wa juu. Hakuna mwanasayansi aliyepanga. Mimea ilikutana shambani, upepo ukabeba chavua, na wakulima wakahifadhi mbegu za mimea iliyofanya vizuri.

Mbegu haizoeshwi

Labda unajiuliza: kwa nini basi tusipande pishori kwa baridi mwaka baada ya mwaka mpaka izoee?

Swali hilo lina historia ya kutisha. Katika Muungano wa Kisovieti, mtu mmoja kwa jina Trofim Lysenko alishikilia kwamba ngano ikitiwa baridi inaweza kubadilika na kurithisha mabadiliko hayo kwa watoto wake. Wanasiasa walimpenda kwa sababu aliahidi matokeo ya haraka. Waliompinga walinyamazishwa. Nikolai Vavilov, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa mbegu duniani, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani mwaka 1943. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta mbegu za kuwalisha watu alikufa kwa kukosa chakula.

Lysenko alikosea. Mmea ukipigwa baridi hauandiki herufi mpya kwa DNA yake ili watoto wafaidi. Kinachofanya kazi ni uchaguzi: uwe na mimea mingi yenye jeni tofauti, uipime kwa baridi, uchukue mbegu ya ile iliyozaa, uendelee. Kama wote shambani wana toleo dhaifu, hata ukiwapeleka kileleni mwa Mlima Kenya hawatajifunza kitu. Ni lazima jeni nzuri iletwe kutoka kwa mpunga mwingine.

Kizungumkuti: usipoteze harufu

Na hapa ndipo kazi inakuwa ngumu kwa Mwea. Chukua pishori, uichanganye na mpunga wa Ujapani unaostahimili baridi. Mtoto atakayezaliwa ana nusu ya huku na nusu ya kule. Anaweza kuhimili baridi, sawa, lakini je, atanukia? Punje itakuwa ndefu au fupi? Wali utachambuka au utanata?

Harufu ya pishori inatokana na hitilafu. Kuna jeni kwenye kromosomu ya 8, inaitwa BADH2. Ikiwa nzima, mchele haunukii. Kwa basmati, jeni hiyo imepungukiwa na herufi nane, haifanyi kazi, na kwa sababu hiyo kemikali ya harufu inajilimbikiza. Mmea unahitaji nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili ndipo unukie. Ukiuzalisha na mpunga wa kawaida, kizazi cha kwanza harufu inapotea.

Watafiti hutatua hili kwa kurudi nyuma. Mtoto anazalishwa tena na pishori, kisha mjukuu tena, kisha kitukuu. Kwa wastani, damu ya pishori inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75, kisha 87.5, kisha karibu 94, huku kila kizazi wakihakikisha ile jeni ya baridi haijadondoka njiani. Zamani ilibidi usubiri mmea ukue ndipo uujue. Leo unakata kipande kidogo cha jani la mche, unakipima maabara, unaangalia alama za vinasaba: una herufi ya baridi? Una BADH2 ya harufu? Ukikosa, unang'olewa siku hiyo hiyo. Miaka inaokolewa.

Na hapana, hiyo si GMO. Ni uzalishaji wa kawaida, chavua ya huyu kwa ua la yule, ila sasa unaangalia kitambulisho mapema. Kuhariri jeni ni teknolojia nyingine, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia ilitoa mwongozo wake mwaka 2022. Usichanganye mambo hayo mawili ukibishana kwenye X.

Kazi ya kuoanisha mpunga na mazingira ya Mwea imefanywa pia hapa hapa. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, limeshirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya cha Ujapani, na baridi ya Mwea yenyewe ikatumika kama maabara: panda aina nyingi, tega muda ili zibebe mimba kwenye ubaridi, halafu hesabu pepe.

Kwa nini hili ni lako

Oktoba 2022 Bwawa la Thiba lilifunguliwa rasmi Kirinyaga. Linaweza kuhifadhi maji ya mita za ujazo zaidi ya milioni 15, na lengo mojawapo ni kuwezesha mavuno mawili kwa mwaka badala ya moja. Habari njema, hasa kwa nchi ambayo mchele mwingi inaoula huagizwa kutoka nje.

Lakini bwawa hutoa maji, halitoi joto. Mkulima akichelewa na msimu wa pili, apande Machi au Aprili, mpunga wake utabeba mimba Juni na Julai. Maji yapo, mbolea ipo, jasho lipo, na mwishoni anavuna pepe. Mbegu inayohimili baridi ndiyo ingempa nafasi ya kupumua, na ingepunguza ile foleni ya kila mtu kung'ang'ania wiki moja ya kupanda. Mabilioni yaliyotumika kwa saruji yanahitaji herufi chache za DNA ili yalete faida yote.

Kabla mbegu hiyo ifike, kuna mbinu. Kama una mzazi au mjomba anayelima huko, mwambie haya. Asizidishe mbolea ya naitrojeni msimu unapoelekea baridi, kwa sababu mpunga uliojaa naitrojeni hudhurika zaidi. Na mpunga ukiwa umebeba mimba, ainue kina cha maji hadi sentimita 20 hivi ikiwezekana. Usiku maji huwa na joto kuliko hewa, na suke bado liko chini ndani ya shina, kwa hiyo maji hayo yanakuwa blanketi. Wakulima wa Hokkaido wametumia mbinu hiyo kwa miaka mingi.

Na kama uko Form Four unajaza kozi, au umemaliza chuo na bado unatarmaki, jua kwamba kilimo cha leo si jembe pekee. Kuna kazi ya kusoma DNA, ya kuandika programu za kuchanganua takwimu za vizazi vya mimea, ya kupima halijoto ya shamba kwa vitambuzi, ya kuthibitisha kwamba mchele ulioandikwa pishori kweli ni pishori. Ile jeni yenye upungufu wa herufi nane inaweza kutoboa siri ya mchuuzi anayechanganya.

Aina mpya ya mpunga hutengenezwa kwa miaka, si kwa wiki. Anayeanza shahada ya sayansi ya mimea leo anaweza kuwa ndiye atakayesaini fomu ya kuitoa mbegu hiyo. Kwa hivyo Julai hii ukivaa jaketi, kumbuka kuna suke Mwea ambalo bado linasubiri lake, na halijali kama mshonaji atatoka Kirinyaga au Kayole.